Uzi: Jicho la msomaji hushuka ukingo wa kushoto. Kurasa zetu za Lamu na Malindi zimeweka nini huko?

#1 Fundi_wa_Langoni

Assalaam aleikum wanajukwaa. Uzi huu ni wa wanaoandikia tovuti za nyumba za wageni, madau, mikahawa, vyama na maduka ya huku kwetu. Anayefungua ukurasa wako hasomi, anapitisha macho. Tumwandikieje?

Kwanza hesabu, tusije tukabishana hewani. Mwaka 1997 watafiti John Morkes na Jakob Nielsen waliwapima wasomaji wa kurasa za wavuti: 79% walipitisha macho, 16% tu ndio waliosoma neno kwa neno. Mwaka 2006 kampuni ya Nielsen Norman Group ikafuatilia macho ya watu 232 kwa mitambo, na njia moja ikawa inajirudia. Jicho huanza juu, likaenda kulia mstari mzima. Hushuka kidogo, likaenda tena kulia lakini halifiki mbali. Kisha huteremka ukingo wa kushoto moja kwa moja, kama nazi iliyoangushwa mnazini. Ukichora njia hiyo unapata herufi F. Mwaka 2008 Nielsen akakadiria kuwa katika ukurasa wa kawaida mtu husoma 28% ya maneno kwa wingi kabisa, na yaelekea ni 20%.

Basi ukurasa wa maneno 500 una maneno 100 yatakayosomwa. Hayo 100 tuyachague sisi, tusiiachie bahati.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, na ndipo wengi wanapoteleza kwa kufuata mashauri yaliyoandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Wao huambiana: anza kichwa kwa kitenzi. Ukifanya hivyo kwa Kiswahili ukingo wa kushoto unajaa viambishi: Tu-, Ku-, Ni-, Wa-, Ha-. Tazama menyu hii ya nyumba ya wageni, ya kawaida kabisa:

- Jinsi ya kufika Lamu
- Jinsi ya kulipia chumba
- Jinsi ya kughairi nafasi
- Jinsi ya kupata boti

Funika upande wa kulia kwa kiganja. Nielsen aliwahi kupima viungo kwa kuwaonyesha watu herufi 11 za kwanza tu, nafasi zikihesabiwa. Hesabu hapa: "Jinsi ya ku" ni 11 kamili. Viungo 4 na vyote vinasema kitu kimoja. Na ukiondoa "Jinsi ya" peke yake hujapona, kwa sababu unabaki na Kufika, Kulipia, Kughairi, Kupata: ku, ku, ku, kama njiwa paani.

Dawa tunayo ndani ya lugha. Kiswahili hutanguliza nomino na sifa zikafuata: bei ya boti, ratiba ya ndege, ufunguo wa chumba. Jambo lenyewe liko mbele tayari. Basi:

- Safari: ndege, basi, boti
- Malipo ya chumba
- Marejesho ukighairi
- Boti za Manda na Mokowe

Funika tena. Jicho likiteremka sasa linaokota kitu kila mstari.

#2 Bint_Mkomani

Kaka Fundi, wambaje. Malipo na Marejesho yote mawili yaanza na Ma-, tena umeyapanga moja juu ya jengine. Jicho la haraka litayachanganya. Ngeli ya Ma- ina mtego uleule wa Ku-, ni kwamba haupigi kelele. Hapo ningeandika "Ukighairi: pesa zako".

La pili ni adabu. Ukurasa ukianza na bei kabla ya salamu, mtu wa pwani ataona ameangukia mchuuzi, hakukaribishwa na mwenyeji. Hizo hesabu za Marekani zajua nini habari ya karibu?

#3 Fundi_wa_Langoni

Umenishika dada, Marejesho liondoke.

Kuhusu salamu, fikiria daka. Nyumba ya mawe ya Amu ina daka mlangoni na viti vya mawe pande mbili. Mtu asiyejulikana hupokewa hapo: anasalimiwa, anaulizwa shida, anajibiwa, na mara nyingi mambo huishia hapohapo. Wa kuingia ndiye apitaye tekani (ukumbi wa mlangoni), kiwandani (uani), msanani (sebuleni), hadi ndani. Skrini ya kwanza ya simu ndiyo daka. Salamu iwepo, lakini shida ijibiwe palepale. Historia ya nyumba, nakshi za milango na "tunajivunia kukuhudumia" vikae msanani, kwa aliyekwisha amua kuingia.

"Karibu Shela." Maneno 2, adabu imetimia. Kinachoudhi ni karibu ya mistari 6.

Na skrini hiyo ya kwanza si ya kuchezea. Kipimo cha Nielsen Norman Group cha 2018 kilikuta 57% ya muda wa kutazama unaishia humo, na 74% ndani ya skrini 2 za mwanzo. Ukiweka humo picha moja kubwa ya machweo na neno "Karibu", umetumia zaidi ya nusu ya muda wa mgeni kumwonyesha jua.

#4 Mkwezi_Malindi

Mmesahau upana. Wageni wengi wako kwenye simu, na simu nyingi za kawaida kivinjari huzihesabu pikseli 360 kwa upana (pikseli za kioo chenyewe ni nyingi zaidi, hizo achana nazo). Toa 16 kila upande, zabaki 328. Herufi kwa wastani huchukua nusu ya ukubwa wake. Kwa maandishi ya pikseli 16 kila herufi ni pikseli 8, mstari unabeba herufi 41, yaani maneno 6 ya Kiswahili hivi.

Aya ya maneno 60 basi ni mistari 10. Nafasi ya mstari ikiwa mara 1.5, hizo ni pikseli 240 kwenda chini, zaidi ya thuluthi ya skrini yenye kimo cha 640. Aya 3 za namna hiyo zikifuatana, skrini yote ni ukuta. Kwenye ukurasa wa huduma aya isizidi maneno 40 au 50, na kichwa kidogo kije kila baada ya aya 2 au 3.

Kwenye kompyuta balaa hugeuka, mstari unakuwa mrefu mno. Uzuie kwenye herufi 75. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu pia, unataja 80 kuwa mwisho. Jicho likimaliza mstari wa herufi 140 halijui lirudi wapi.

Sasa vichwa. Kitenzi chetu ni sentensi nzima iliyobanwa ndani ya neno moja. "Tutakapowarudishia" ni herufi 18. Mbunifu akikipa kichwa pikseli 40 kwa sababu kilipendeza kwenye kompyuta yake, neno hilo linataka pikseli 360, na nafasi iliyopo ni 328. Ama linatoka nje ya skrini na ukurasa unaanza kuyumba kushoto kulia, ama linavunjwa popote: "tutakapowarudis" juu, "hia" chini. Kichwa kikuu kwenye simu kiishie pikseli 28, vichwa vidogo 20 hadi 22, maandishi 16 hadi 18.

Jengine dogo ambalo wengi hawalioni: nafasi iliyo juu ya kichwa kidogo iwe kubwa kuliko iliyo chini yake, tuseme 32 juu na 8 chini. Zikilingana, kichwa kinaelea katikati na jicho halijui ni cha aya ipi.

#5 Bint_Mkomani

Na msitegemee kivinjari kikate maneno yenyewe. Amri ya `hyphens: auto` hufanya kazi pale tu kivinjari kina kamusi ya ukataji ya lugha hiyo, na kwa Kiswahili usiiwekee dhamana. Neno refu lisiloepukika litie `­` mwishoni mwa silabi: tutakapo`­`warudishia. Likikaa mstari mmoja alama haionekani, likishindwa linakatika pale ulipotaka.

Ila dawa ya kweli ni ile ya Fundi. "Pesa zako: zarudi lini" yafanya kazi ya "Lini tutakapowarudishia pesa zenu", na hakuna neno la kuvunja.

#6 Nahodha_Karani

Saa.

Mpitisha macho haokoti sentensi, anaokota tarakimu. Ukiandika "boti huondoka saa 2 asubuhi" ataondoka na "2". Mpwani anajua ni mwanzo wa siku. Mgeni aliyetafsiriwa na mashine anashika saa mbili ya saa yake, anakuja 14:00, na boti imeshamwacha zamani. Andika zote mbili kila mara: saa 2:00 asubuhi (08:00). Hata ukurasa ukiwa wa Kiswahili mtupu, kwa sababu tiketi ya ndege ya kwenda Manda imeandikwa 08:00 na mtu analinganisha.

Tarehe usiandike 5/6. Andika 5 Juni.

Bei ndiyo yenye ugomvi zaidi gatini. "Boti KSh 3,000" haijasema kitu. Kwa kichwa au boti nzima? Kwenda tu au kwenda na kurudi? Maneno hayo yakae ubavuni mwa tarakimu, mstari uleule. Ukiyaweka chini kwa maandishi madogo ya kijivu, tarakimu imeokotwa na masharti yameachwa.

Na mtumie tarakimu kila mahali, "watu 6" badala ya "watu sita". Tarakimu ina umbo tofauti na herufi, jicho linaiona hata likiwa mbioni.

#7 Picha_za_Pwani

Nakubali yote, lakini ukurasa usiofunguka hauna ukingo wa kushoto wala wa kulia.

Picha ya simu ikipakiwa kama ilivyo ni MB 4 hivi. Mtandao ukiwa wa megabiti 1 kwa sekunde unapitisha KB 125 kila sekunde. MB 4 ni sekunde 32. Picha ileile ikipunguzwa iwe na upana wa pikseli 1200 na kuhifadhiwa kama WebP (aina ya faili jepesi la picha) kwa ubora wa 75, huja KB 150 au karibu yake: sekunde 1 na kidogo. Google inapima kitu kikubwa kabisa cha skrini ya kwanza na inataka kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Picha za chini zichelewesheni kwa `loading="lazy"`. Ile ya kwanza msiicheleweshe. Kosa hilo liko kila mahali, kwa sababu kuna programu zinazoitia amri hiyo kwenye picha zote bila kubagua.

Kila picha ipewe upana na kimo ndani ya msimbo wa ukurasa. Isipopewa, maandishi hupanda kwanza, picha ikifika inayasukuma chini. Mtu alishalenga "Piga simu", kidole kinatua kwenye "Ghairi".

Tena kuna jambo linalonikera kuliko yote: bango. Ratiba ya Maulidi, orodha ya vyakula, bei za safari za baharini, zote zimechorwa kwenye picha moja na kubandikwa kwenye tovuti. Kwenye simu bango la upana wa pikseli 1080 linabanwa kwenye 328, herufi zinakuwa chawa. Halitafutiki, namba ya simu iliyomo haibonyezeki, na asiyeona hasomewi kitu. Bango ni la WhatsApp. Kwenye tovuti yaandikwe maneno.

#8 Mkwezi_Malindi

Picha zinazozunguka nazo ziongezwe hapo. Slaida ya 2 hadi ya 5 hakuna azisubiriye, lakini zote zinashuka kwa bando la mgeni. Chagua moja.

#9 Maalim_wa_Siyu

Ndugu zangu, naona mmeshika panga na kila kitu mnakata. Si kila hoja inakatika. Mtu ameandika ukurasa wa wageni hivi:

- Vichochoro ni vyembamba
- Magari hayapiti mjini
- Mizigo hubebwa na punda

Vitone 3 safi, na maana imekufa. Kiungo kilikuwa "ndiyo maana", nacho kimekatwa. Andika: "Vichochoro vya Lamu ni vyembamba hata gari halipiti, ndiyo maana mizigo hubebwa na punda au na mchukuzi, ukija na sanduku zito, tuambie mapema." Sentensi moja, na mgeni anajua la kufanya.

Wapo pia wasomaji wanaokuja kusoma. Anayetaka kujua kwa nini Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 hataki vitone. Ukimkatia habari vipandevipande, aya za sentensi mojamoja, atachoka upesi kuliko kwa aya nzima, kwa kuwa kila kipande kinamlazimu kuunganisha mwenyewe.

Wala wepesi wa jicho haukuvumbuliwa na wavuti. Ubeti wa utenzi una vipande 4, kila kipande mizani 8, na kina cha kipande cha mwisho kinarejea ubeti hadi ubeti. Hiyo ni alama ya kushika njia, isipokuwa iliwekewa sikio na kwa maandishi ya Kiarabu, ambako jicho huanza kulia. Katika kurasa zisomwazo kutoka kulia hiyo F yenu nayo hugeuka, basi watakaoweka tenzi kwa herufi zile wakumbuke kuhamisha menyu.

(Na kipande cha mizani 8 ni herufi 20 hivi. Kinakaa kwenye simu bila kuvunjika. Washairi wa Pate walishamaliza kazi ya Mkwezi.)

#10 Fundi_wa_Langoni

Maalim, nakubali na naongeza kigezo. Hatua zenye mfuatano zipewe nambari. Vitu visivyo na mfuatano vipewe vitone, kuanzia 3 na visizidi 7. Kulinganisha ni kazi ya jedwali, na kwenye simu safu 2, zikizidi sana 3. Ya 4 huanguka nje. Sababu na matokeo yabaki aya.

Kwa habari ndefu weka juu kabisa mistari 3 inayosema mwisho wake, halafu viungo vya kurukia kila sehemu. Anayetaka yote atashuka. Mwenye haraka amepata lake.

#11 Bint_Mkomani

Maandishi mazito nayo yana kipimo. Kipande kimoja kwa aya, maneno 2 hadi 5, na kiwe kile mtu alichokuja kukitafuta: bei, saa, mahali, sharti. Watu wanakoza sifa, "huduma bora kabisa", halafu saa ya boti ya mwisho imelala katikati ya aya kwa maandishi ya kawaida. Jaribu: soma maneno mazito peke yake kutoka juu hadi chini. Yasipokupa habari yoyote, umekoza yasiyofaa. Kupigia mstari ni kwa viungo tu, maana mtu akiona mstari atabonyeza.

Viungo: "bonyeza hapa" na "soma zaidi" yaondoke. Msomaji asiyeona hukiambia kisoma-skrini kimtajie viungo vya ukurasa kwa orodha, naye atasikia "bonyeza hapa, bonyeza hapa, soma zaidi, bonyeza hapa". Kiungo kiseme kiendako: "Bei za vyumba", "Ramani ya gati hadi nyumbani". Kitufe kiwe pikseli 44 kwa 44. WCAG 2.2 inaruhusu hata 24, lakini kidole kilicho kwenye mashua inayoyumba hakijui WCAG.

Mwanzoni mwa msimbo andika `lang="sw"`, yaani lugha ni Kiswahili. Violezo vingi huja na `en`, na hapo kisoma-skrini chaweza kutamka Kiswahili chako kwa sauti ya Kiingereza, na kivinjari kikataka kutafsiri ukurasa ambao mtu anauelewa.

Watu wa Malindi, hili ni lenu: aya ya Kiswahili, chini yake Kiingereza, chini yake Kiitaliano, ukurasa mmoja. Mpitisha macho anakutana na lugha asiyoijua mara 2 kwa kila aya 3, na ukingo wa kushoto hauna maana kwa yeyote. Kila lugha ipewe ukurasa wake na `lang` yake, na kiungo cha kubadilisha lugha kiandikwe kwa lugha yenyewe: Italiano, si "Kiitaliano".

#12 Mkwezi_Malindi

Dada umesema kweli, tena zile bendera badala ya jina la lugha ziondoke pia.

Naongeza rangi. Kijivu cha `#999999` juu ya nyeupe kina utofauti wa 2.8 kwa 1, na kinachotakiwa kwa maandishi ya kawaida ni 4.5. `#767676` kinapita kwa unywele. Kwa watu watakaosoma wakiwa juani gatini nendeni hadi `#595959`, ambacho ni 7 kwa 1.

Na kipimo cha mwisho hakihitaji mtambo. Tafuta watu 5 ambao hawajauona ukurasa. Mpe kila mmoja simu, mwonyeshe skrini ya kwanza kwa sekunde 5, ifunike, muulize: hapa wanauza nini, na ungebonyeza wapi? Kisha mpe maswali 3 yenye jibu moja: boti ya mwisho saa ngapi, bei ya watu 4 ni ngapi, nikighairi inakuwaje. Hesabu sekunde. Usimsaidie, usimwonyeshe kwa kidole, usijitetee. Akikawia zaidi ya sekunde 15 kwa jibu ambalo limo, kosa liko kwenye mpangilio. Akijibu upesi lakini vibaya, hilo ni baya zaidi: ameokota tarakimu isiyo yake.

Vichwa navyo vijaribiwe vikiwa peke yake. Vinakili vyote kwenye karatasi bila maandishi yake. Asiyejua tovuti yako akisoma karatasi hiyo aweze kukwambia ukurasa unahusu nini. "Utangulizi", "Kuhusu sisi" na "Mengineyo" havitapita.

#13 Picha_za_Pwani

Jina la ukurasa linaloonekana Google na kwenye WhatsApp lisisahauliwe. Google hulikata baada ya herufi 60 hivi. Jambo liwe mbele, jina la biashara nyuma: "Magofu ya Takwa kwa dau: bei na saa | ..." Wengi huanza na jina la biashara, kurasa 20 zote zinaonekana sawa. Picha ya kuambatana na kiungo iwe 1200 kwa 630, bila maneno pembeni, kwa sababu kingo hukatwa.

#14 Bint_Mkomani

Kaka Fundi, tuonyeshe moja toka mwanzo hadi mwisho, basi.

#15 Fundi_wa_Langoni

Haya. Huu ni mfano niliotunga, lakini kila mtu ameshaona ndugu zake:

"Karibu sana katika tovuti yetu. Sisi ni wenyeji wenye uzoefu wa miaka mingi tunaojivunia kutoa huduma bora za safari za baharini kwa wageni wetu wote wapendwa. Miongoni mwa sehemu tunazowapeleka wageni ni magofu ya kale ya Takwa yaliyoko kisiwa cha Manda, ambayo yana historia ndefu na ya kuvutia. Safari huanza asubuhi na hujumuisha chakula. Kwa maelezo zaidi kuhusu bei na namna ya kuweka nafasi bonyeza hapa."

Maneno 66. Takwa, ndiyo safari yenyewe, ni neno la 37. Saa haimo, ni "asubuhi" tu. Bei haimo kabisa. Mwanzo wa sentensi: Karibu, Sisi, Miongoni, Safari, Kwa. Kati ya mianzo 5, mmoja tu una kitu ndani.

Baada ya kisu (bei ni ya mfano):

Magofu ya Takwa kwa dau
Bei: KSh 6,000 dau zima, watu 1 hadi 6, kwenda na kurudi
Saa: 3:00 asubuhi (09:00) kila siku, gati ya Lamu
Chakula: samaki wa kuchoma, wali, matunda
Haimo: kiingilio cha magofu
Nafasi: *Tuma WhatsApp kabla ya saa 12:00 jioni (18:00) ya jana yake*

Karibu, na sandali za kulowa maji zinafaa kuliko viatu.

Karibu imo, mwishoni, ikiwa na kazi.

#16 Nahodha_Karani

Kaka, umepanga vizuri uongo. "Saa 3:00 kila siku" haiwezekani Takwa. Mkono wa bahari unaofika magofuni unapita kwenye mikoko na dau linaingia maji yakijaa. Maji yakipwa utawashusha wageni topeni. Na kujaa kwa maji husogea dakika 50 hivi kila siku. Leo saa 3:00 ni sawa, siku ya nne uko mbali. Ubaya wake ni kwamba mstari wako unaokoteka upesi, kwa hiyo kosa nalo litaokotwa upesi. Ile aya ya kwanza ingalau haikudanganya mtu.

#17 Fundi_wa_Langoni

Kweli kabisa. Mstari wa Saa unaondoka, linaingia jedwali la safu 2, siku 7, saa zikitolewa kwenye jedwali la maji la wiki hiyo. Kwa mfano:

| Siku | Dau laondoka |
|---|---|
| Jumatatu | 3:00 asubuhi (09:00) |
| Jumanne | 3:50 asubuhi (09:50) |
| Jumatano | 4:40 asubuhi (10:40) |
| Alhamisi | 5:30 asubuhi (11:30) |
| Ijumaa | Hakuna safari |

Na kuendelea. Juu yake mstari mmoja tu: "Saa hubadilika kila siku kwa sababu dau huingia Takwa maji yakijaa." Hiyo ni sababu, Maalim, imebaki sentensi.

#18 Bint_Mkomani

"Hakuna safari" iandikwe hivyo kila siku isiyo na safari, usiache kisanduku kitupu wala usiweke kistari. Kitupu mtu hudhani ni ukurasa haujafunguka vizuri, ataja gatini kuuliza.

#19 Nahodha_Karani

Na tarehe za wiki ziandikwe juu ya jedwali, "Wiki ya 5 hadi 11 Juni". Zisipoandikwa, mtu ataamini maji ya wiki iliyopita.